Kutyuni ukulele kwa mpangilio wa fidla na mandolini: je, nyuzi zitahimili?

Zumari

Habari zenu, wanajukwaa.

Mimi ni mpigaji fidla wa muda mrefu, na vidole vyangu vimekwisha kuzoea mpangilio wa G, D, A na E, ambao ndio huohuo wa mandolini, kiasi kwamba kila ninaposhika ukulele najikuta nikitafuta noti mahali ambapo hazipo. Ukulele niliyonayo ni soprano yenye nyuzi za nailoni zilizotyuniwa G, C, E na A kama ilivyo kawaida, na urefu wa uzi unaotetema, yaani kutoka nati ya kichwani hadi kwenye daraja, ni takriban sentimita 34.5. Ipo pia tenori yenye urefu wa sentimita 43, ambayo kwa sasa hakuna anayeipiga.

Ningependa kuipa mojawapo mpangilio wa fidla ili nipige nyimbo ninazozijua tayari bila kuanza kujifunza upya. Je, uzi wa A wa ukulele unaweza kukazwa mpaka ufike E ya fidla bila kukatika? Kwa kuwa mandolini ina urefu unaokaribiana sana na wa soprano, kuna ubaya gani nikifunga seti ya nyuzi za mandolini? Na kati ya ukulele hizi mbili, ipi inafaa zaidi? Mimi nilidhani tenori, kwa sababu ni kubwa na imara zaidi, ila nitashukuru kusikia kutoka kwa waliokwisha kulifanya jambo hili.

Mkazo wa Uzi

Ndugu Zumari, nianze na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo linaloweza kukuharibia chombo. Usifunge nyuzi za mandolini kwenye ukulele. Ni kweli kwamba urefu unakaribiana, maana mandolini nyingi zina takriban sentimita 35, lakini mandolini imejengwa kwa ajili ya nyuzi nane za chuma ambazo kwa jumla huvuta kwa nguvu inayozidi kilo 60, ilhali nyuzi zote nne za ukulele kwa kawaida hazifikishi kilo 20. Hata ukifunga nne tu badala ya nane, mkazo utakuwa takriban mara mbili ya ule ambao ukulele ilijengewa. Tena namna ya kuubeba mkazo huo ni tofauti: kwenye mandolini nyuzi hupita juu ya daraja na kushikwa mwishoni mwa mwili wa chombo, kwa hiyo daraja hukandamizwa kwenda chini, lakini kwenye ukulele daraja limebandikwa kwa gundi juu ya ubao wa uso na nyuzi hulivuta kuelekea shingoni. Ubao utavimba nyuma ya daraja, shingo itapinda, na hatimaye daraja litabanduka, pengine likiondoka na vipande vya ubao wenyewe.

Sasa tuje kwenye E, ambayo ndiyo kiini cha jambo zima. A ya ukulele ni Hz 440 (yaani mitetemo 440 kwa sekunde) na E ya fidla ni Hz 659. Kwa kuwa mkazo hupanda kwa mraba wa idadi ya mitetemo, uzi uleule ukiupandisha kutoka A hadi E utahitaji mkazo wa mara mbili na robo hivi ya ule wa mwanzo, na uzi wa A wa kawaida ama utakatika njiani ama utakuwa mgumu kama waya na kuvuta daraja kupita kiasi. Unahitaji uzi mwembamba zaidi. Hapa ndipo wengi wanapodhani kwamba wembamba peke yake unamaliza tatizo, kwamba ukikatika basi utafute mwembamba zaidi, na wanaendelea hivyo mpaka wanakata tamaa. Uzi mwembamba huhitaji mkazo mdogo ili kufika kwenye noti ileile, lakini pia hukatika kwa mkazo mdogo, na mambo hayo mawili hupungua pamoja kwa kiwango kilekile. Noti ya juu kabisa ambayo uzi unaweza kuifikia kabla ya kukatika haitegemei unene wake hata kidogo. Inategemea urefu unaotetema na mali ghafi ya uzi.

Kwa hiyo chukua urefu kwa mita, uuzidishe kwa Hz za noti unayoitaka, kisha ulinganishe. Soprano yako kwa E ya fidla inatoa takriban 227. Ukulele ya ukubwa wa konseti, yenye sentimita 38, inatoa 250. Tenori yako inatoa 283. Kwa nyuzi za nailoni au florokaboni, 227 ni mahali pa kukaa bila wasiwasi mkubwa, 250 ni ukingoni ambapo uzi mzuri utadumu na wa hivihivi utakatika, na 283 ni kutafuta balaa. Ndiyo maana dhana yako kuhusu tenori imegeuzwa juu chini: ukubwa wake, ambao unauona kuwa ni uimara, ndio unaoinyima E ile.

Wewe mwenyewe kama mpigaji fidla unao ushahidi mkononi. Uzi wa E wa fidla ulikuwa wa utumbo wa kondoo kwa karne nyingi, na ule wa chuma ulienea mwanzoni mwa karne ya 20 tu. Urefu unaotetema wa fidla ni takriban sentimita 33, na hata hapo E ya utumbo ilijulikana kwa kukatika mara kwa mara. Soprano inakaribia sana urefu huo. Si bahati nasibu kwamba vyombo hivi viwili vinakutana hapo, kwa sababu fidla isingeweza kuwa ndefu zaidi ya hivyo na bado ikabeba E ya utumbo.

Kwa unene, ukitumia florokaboni kwenye urefu wako, milimita 0.35 kwa E itakupa mkazo wa takriban kilo 3.6, milimita 0.53 kwa A itakuwa karibu na hapohapo, na D itahitaji takriban milimita 0.78. Nyuzi hizi ni zilezile zinazouzwa kama mishipi ya kuvulia samaki, kwa hiyo unene kamili unaoutaka haupatikani kwa shida. Nailoni ni nyepesi zaidi, kwa hiyo kwa mkazo uleule inabidi iwe nene kwa takriban robo zaidi. G ya chini ndiyo isiyofaa kuwa uzi mtupu: ingelazimika kuzidi milimita 1.1, na uzi mnene wa namna hiyo kwenye urefu mfupi hutoa sauti iliyofifia na noti zinazopanda kadiri unavyozidi kukandamiza. Tafuta uliozungushiwa waya. Kama hutaki kuhangaika na uzi mmojammoja, kampuni ya Aquila hutengeneza seti ya ukulele iliyopangwa mahsusi kwa G, D, A na E.

Mpenzi wa Nne

Naomba niwe na maoni tofauti kidogo, ingawa sina la kupinga katika hesabu za mwenzangu. Kinachoifanya ukulele isikike kama ukulele ni ule uzi wa G ulio juu, upande wa kidole gumba, pamoja na ukweli kwamba noti zote nne za kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, zinakaa karibu karibu. Ukiipa mpangilio wa fidla, kila uzi unaachana na jirani yake kwa nusutoni saba (nusutoni moja ni hatua ya freti moja), kodi zinatawanyika, na ule mpapaso wa haraka wa kiganja unaojaza sauti unapoteza ladha yake. Utakuwa na mandolini dhaifu yenye nyuzi za nailoni. Kama haja yako ni noti za chini tu kwa ajili ya nyimbo, kwa nini usifunge G ya chini na kuacha C, E na A mahali pake? Ni uzi mmoja wa kubadilisha, na vitabu vyote vya ukulele vitaendelea kukufaa.

Tupa na Msasa

Mpenzi wa Nne yuko sahihi kuhusu mpapaso, lakini muulizaji hakusema kwamba anataka kusindikiza uimbaji. Amesema anataka kupiga nyimbo ambazo vidole vyake vinazijua, na kwa kazi hiyo hesabu inamwegemea yeye. Soprano yenye freti 12 katika mpangilio wa kawaida inatoka C ya kati hadi A, ambazo ni nusutoni 21. Ukiweka G ya chini unapata 26. Kwa mpangilio wa fidla, freti hizohizo 12 zinakupa nusutoni 33, na takriban kila wimbo wa fidla ulioandikwa kwa mkao wa kwanza unaingia humo bila kuhamisha mkono. Isitoshe, freti ya saba ya soprano iko sentimita 11.5 tu kutoka nati, kwa hiyo kidole cha mwisho kinaifikia bila kujinyoosha, wakati kwenye tenori umbali huo ni zaidi ya sentimita 14.

Kabla hujanunua chochote, ndugu Zumari, lijaribu jambo hili kwa nyuzi ulizonazo. Uache uzi wa G kama ulivyo. Uzi wa C uupandishe toni nzima uwe D. Mkazo wake utaongezeka kwa takriban asilimia 26, na soprano iliyo nzima huvumilia hilo. Kisha ubadilishane mahali nyuzi mbili zilizobaki, A iende ilipokuwa E na E iende ilipokuwa A. Hapo una G, D, A na E kwa mpangilio wa fidla, isipokuwa kwamba G iko oktava moja juu na E iko oktava moja chini ya inavyotakiwa. Kwa wimbo itakuchanganya, kwa sababu sauti itaruka pale unapovuka uzi, lakini kodi zote za mandolini zitafanya kazi na utajua katika jioni moja kama mkono wako unaipenda shingo hii.

Ukishaamua kuendelea, shughulikia nati. Mifereji yake ilichongwa kwa nyuzi za kawaida, ambapo uzi wa nne ni mwembamba na wa tatu ndio mnene kuliko wote. Uzi wa G wenye waya ukiukalisha kwenye mfereji wa G ya kawaida, utaning'inia kingoni badala ya kukaa chini, na freti za kwanza zitatoa noti zilizopanda hata kama uzi wazi umetyuniwa sawasawa. Upanue mfereji huo kwa tupa nyembamba, au kwa kipande cha msasa kilichokunjwa juu ya uzi mnene wa gitaa, ukiegemeza kidogo kuelekea kichwani ili uzi uachane na nati kwenye ukingo wa mbele, upande wa freti. Panua ubavuni tu, usishuke chini. Mfereji mpana kupita kiasi kidogo hauna madhara makubwa, lakini mfereji uliozama utafanya uzi ugonge freti ya kwanza, na hapo itabidi ubadilishe nati nzima. Uzi mwembamba wa E kwa kawaida utakaa vizuri kwenye mfereji wa A bila kuguswa.

Jambo la mwisho ni fundo kwenye daraja. Uzi wa milimita 0.35 huteleza kwenye fundo ambalo uzi wa kawaida hushika, na kwenye daraja lenye mpasuo huchomoka kabisa. Funga fundo lako ukizungushia kipande kifupi cha uzi mnene, ili kipande hicho ndicho kizuiwe na mpasuo. Kwenye daraja la kufungia, uzungushe uzi mara tatu au nne chini ya kitanzi badala ya mara moja au mbili, na uhakikishe mzunguko wa mwisho unabanwa nyuma ya ukingo wa daraja.

Zumari

Nawashukuru nyote kwa maelezo haya. Nimebadilishana nyuzi kama alivyoelekeza Tupa na Msasa, na vidole vimekubali mara moja. Nyimbo zinaruka oktava kama alivyosema, lakini kodi ya G ya mandolini, yaani nyuzi za G na D wazi, freti ya pili kwenye A na ya tatu kwenye E, inasikika vizuri kuliko nilivyotarajia, na D vivyo hivyo. Kwa hiyo nimeamua kuendelea na soprano.

Yamebaki mawili. Je, kuna njia ya kupata uzi wa G uliozungushiwa waya bila kununua seti nzima? Na ile tenori, ambayo sasa nimeelewa kuwa haiwezi kubeba E, je, ina mpangilio wowote wa namna hii unaoifaa, au niiache ilivyo?

Mkazo wa Uzi

Kuhusu uzi wa G, tafuta uzi wa nne wa gitaa la klasiki, ule wa D, ambao ni nyuzinyuzi laini zilizozungushiwa waya mwembamba. Kwenye gitaa lenye urefu wa sentimita 65 huvutwa kwa takriban kilo saba ili kutoa D. Kwenye soprano yako utatoa G kwa takriban kilo tatu na nusu, ambao ni mkazo uleule wa nyuzi nyingine tatu nilizokupigia hesabu. Usitumie wa gitaa la chuma, ambao ndani yake una waya mgumu. Uzi wa gitaa ni mrefu kuliko unavyohitaji, na kosa la kawaida ni kuukata kwanza na kuufunga baadaye: waya wa juu hufumuka na uzi hufa kabla haujapigwa. Ufunge, ukaze mpaka karibu na noti yake, upinde ncha iliyobaki kwa pembe kali, kisha ndipo ukate mbele ya pale ulipopinda.

Tenori usiiache. Ipe C, G, D na A, mpangilio wa viola, mandola na banjo ya tenori. A ya juu kwenye sentimita 43 inatoa 189 katika hesabu ile ya urefu kwa Hz, ambayo haina hatari yoyote, na uzi wake wa A wa sasa unafaa kama ulivyo, na unabaki palepale upande wa chini. Uzi wa E uliopo utaushusha toni nzima uwe D, na mkazo wake utapungua kwa takriban asilimia 20, jambo linalovumilika. Uzi wa tano wa gitaa la klasiki utakupa C na wa nne utakupa G. Mkao wa vidole ni uleule unaoujua, isipokuwa kila kitu kiko umbali wa uzi mmoja chini: pale ambapo kwenye fidla ungepiga wimbo kwa ufunguo wa D, vidole vilevile vitatoa G.

Kwa manufaa ya wengine watakaosoma, wenye ukulele ya baritoni wana njia rahisi kuliko zote. Nyuzi za sita, nne, tatu na moja za gitaa la klasiki, zikifungwa kwa kufuatana hivyo, zitatoa G, D, A na E oktava moja chini ya fidla, kwa mkazo unaofaa kabisa. Ndio mpangilio wa banjo ya tenori katika muziki wa Ireland, ambao Barney McKenna, mpigaji banjo wa bendi ya The Dubliners, alichangia sana kuueneza. Mwili wa baritoni ni mdogo kwa G ya chini kiasi hicho, hivyo usitarajie mngurumo.

Mpenzi wa Nne

Nakubali kwamba kwa mpiga nyimbo hoja imesimama, na hilo la C, G, D na A kwenye tenori nitalijaribu mwenyewe, kwa kuwa hata kodi zake haziendi juu sana. Bado naamini kwamba asiyetoka kwenye fidla au mandolini hana sababu ya kujisumbua.

Tupa na Msasa

Niongeze moja kwa ndugu Zumari kabla hajafunga E yake. Tazama vigingi vya soprano yako. Vikiwa ni vya msuguano, vile vinavyochomoza nyuma ya kichwa na ambavyo mzunguko mmoja wa mkono ni mzunguko mmoja wa uzi, uzi huo mwembamba wa E utakusumbua, kwa sababu kukisogeza kigingi kidogo tu kunabadilisha noti kwa kiasi kikubwa. Kaza skrubu ya kigingi kidogo ili kisirudi nyuma, tyuni kwa kupandia kutoka chini badala ya kushukia kutoka juu, na uzi uzungushwe kwenye kigingi mara chache kadiri inavyowezekana, kwa kuwa kila mzunguko wa ziada unaongeza unene wa mhimili na kuifanya kazi kuwa ngumu zaidi. Kama vina gia, huna haja ya haya yote.

Usiufikishe E siku ya kwanza. Uache kwenye D usiku kucha, siku ya pili uupandishe, na baada ya hapo utahitaji kuutyuni mara kwa mara kwa siku kadhaa, kwa kuwa nailoni na florokaboni huendelea kurefuka muda mrefu baada ya kukazwa. Ukiona umetulia kisha ukakatika, angalia mahali ulipokatikia: ukikatikia kwenye nati au kwenye fundo, basi kuna ukingo mkali wa kusuguliwa kwa msasa, wala si unene wa uzi wa kubadilishwa. Ukikatikia katikati, hapo ndipo ununue wa aina nyingine.